Mtamba wa Nyumba ya Kabanda

Nyamityobora, Mbarara
9 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Bwana asifiwe huko kambini Nakivale. Magoti yako yanasemaje na ubaridi huu wa asubuhi? Mwanangu Uwera anakula vizuri, au bado anaficha maharagwe chini ya sahani? Mwambie vile viatu vyekundu nimeviona tena sokoni, vinamngoja. Mimi ni mzima. Maziwa yanauzika, na mama mwenye duka bado ana mdomo wake uleule.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya jirani yako, mtu akizungumza, hata walio kwenye bomba la maji wanasikia. Neno hili sitaki lifike bombani kabla halijafika kwako. Nimempa Alida wa kwaya, akirudi na vitenge vyake akukabidhi wewe mwenyewe.

Keti kwanza. Umeketi? Pacifique yuko hai.

Usiseme nimeona mzimu, wala usiseme ni njaa. Ni yeye, mume wangu, Pacifique Byiringiro, yule tuliyemlilia kule kwetu Congo, Itombwe, baada ya kuokota bote zake za mvua kando ya shamba la viazi. Miaka minne nimeitwa mjane kwa sababu ya jozi moja ya bote.

Alhamisi pikapu ya Rugaaga ilileta maziwa kama kawaida. Aliyekuwa akishusha mikebe alikuwa mtu mgeni, amenipa mgongo, na alikuwa akiisemesha ile mikebe vile unavyomsemesha ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Shangazi, sauti ile naijua. Nikaita, "Paci!" Akageuka. Ana kovu kubwa kutoka nyuma ya sikio mpaka utosini, nywele hazioti pale. Akanitazama, akacheka kwa furaha kabisa. Halafu akavua kofia, akaangalia chini, akanisemesha kwa wingi kama mtu wa heshima.

"Mutoto wa Mukubwa! Munafanya nini ku fasi hii? Baba yenu anajua muko huku?"

Nikamshika mkono. Akauchomoa polepole, huku akitazama kama kuna mtu ametuona. Nikasema, Paci, ni mimi, Gaju. Akasema, "Ndiyo, najua, muko Gaju, mutoto wa Mukubwa Kabanda." Dereva akapiga honi, akaruka nyuma ya gari, wakaondoka.

Nililia ndani ya stoo mpaka mama mwenye duka akadhani nimemwaga maziwa. Ananifahamu, Shangazi. Ila mimi anayenifahamu ni yule msichana wa zamani, wa wakati alipokuwa mchungaji wetu wa ng'ombe tu. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Gaju


Nakivale, Base Camp
16 Februari 2025

Mwanangu Eliane Gaju,

Salamu katika jina la Bwana. Magoti yangu ni ya kuuliza, kwa sababu hayajibu. Uwera anakula, na maharagwe sasa anamfichia paka. Usimnunulie viatu vikubwa ati atakua, mara ya mwisho alitembea kama bata kutwa nzima.

Barua yako nimeisoma mara moja tu na nimeiweka ndani ya Biblia, fasi ambayo jirani hafungui.

Basi yuko hai. Mungu ni mkubwa. Nimepiga magoti yenyewe haya mabovu nikashukuru, usidhani sikushukuru. Lakini unasema amevua kofia na kuangalia chini? Basi akili haijapotea yote.

Usinikasirikie. Wewe unanijua, nasema nilicho nacho. Mimi sikuimba kwenye arusi ile, na sitadanganya leo kwamba niliimba. Kaka yangu Kabanda alikuwa na ng'ombe ambazo zikishuka mtoni, za mbele zinamaliza kunywa na za nyuma bado ziko mlimani. Babake Pacifique alizichunga, na Pacifique akazichunga. Kisha wakaja wenye bunduki, ng'ombe zote wakazichukua, kaka yangu akafa njiani, na ninyi wawili mkaona sasa hakuna mkubwa wala mdogo. Pasta Appolinaire akawabariki chini ya turubai. Hakutolewa ng'ombe. Hakutolewa hata mbuzi. Nani alipokea? Nani alishukuru? Mimi nililia siku hiyo, na haikuwa kwa furaha.

Lakini pia nakumbuka nani alimbeba Kabanda mgongoni siku zote zile za kukimbia, mpaka alipokata roho. Hilo nalo siwezi kulifuta.

Watu wa kwa Muhirwa wameniuliza tena habari zako. Ni watu wa nyumba nzuri, wana duka, na kijana wao anayekutaka, mkewe aliyekufa hakuacha watoto. Nimewaambia wangoje. Nenda Rugaaga ukamwone vizuri huyo mumeo, ukae naye, umweleze. Labda ni mshtuko tu.

Shangazi yako,
Sidonie Mukandoli


Nyamityobora
10 Machi 2025

Shangazi mpenzi,

Nakusalimia mara nyingi, pamoja na mwanangu. Dawa ya kuchua niliyompa Alida imefika? Ipake jioni, na usiipake ukiwa umevaa ile sketi ya kanisani. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haupo.

Nimekwenda Rugaaga Jumapili mbili. Shamba ni la mzee mmoja Munyankole, mwenyeji wa huku, anaitwa Rwakabuba, mtu wa kucheka sana na tumbo lake. Anasema alimwokota Pacifique barabarani, miaka mitatu sasa, anatembea na kovu bichi, hajui ametokaje Congo. Akamuuliza unajua nini? Akajibu ng'ombe. Rwakabuba akaniambia, "Huyu mutu yako iko muzuri sana. Ng'ombe yangu inapenda yeye kushinda mimi. Lakini kichwa yake, ah!"

Pacifique alinipokea vile alivyowapokea wageni wa Baba. Alinipangusia kigoda, akaniletea maziwa kwa mikono miwili, halafu akasimama pembeni. Nikamwambia keti, akasema hapana, amezoea. Nikasimama mimi pia. Akaogopa! Basi nikaketi ili asiogope.

Anakumbuka mambo ambayo mimi nimeyasahau. Bihogo, Gitare, Kirezi, ng'ombe wote wa Baba, mama zao na bibi zao, aliyekuwa na pembe iliyovunjika, aliyekuwa hapendi mvua. Akaniuliza, "Bihogo alizaa jike?" Shangazi, hapo ndipo nilipoelewa. Msimu ule Bihogo alikuwa na mimba. Mimi na yeye tulianza kupendana msimu uliofuata. Kichwa chake kimekatika hapo kwenye mimba ya Bihogo, na mimi niko upande wa pili.

Nilimweleza yote, polepole. Nilimwambia Baba alikufa. Akaweka fimbo chini akalia kwa sauti, mpaka wachungaji wenzake wakaja. Nikamwambia, wewe ndiye ulimbeba mgongoni. Akajipangusa macho akasema, "Ile ilikuwa kazi yangu." Kifo cha mama yake sikumwambia, ilikuwa imetosha kwa siku moja. Nitamwambia siku nyingine.

Jumapili ya pili nikamwambia sisi ni mke na mume, Pasta alitubariki, tuna mtoto. Nilimwonyesha picha ya Uwera kwenye simu. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Alipoona natoa machozi akaacha kucheka. Unajua alichoniambia? "Kama nilifanya vile, basi nilikosa. Baba yenu alinilea na maziwa yake. Munisamehe."

Anaomba msamaha kwa kunipenda! Shangazi, afadhali angesema hanijui kabisa. Afadhali angenitukana.

Nilimpeleka kwa daktari mmoja hapa mjini. Amesema kidonda kimepona, na kilichopotea asitegemee kirudi, labda kidogo, labda hakuna. Pacifique njiani aliniuliza kama ni Baba alinituma nimlipie daktari. Kisha akakumbuka Baba amekufa, akavua kofia.

Mimi sina ng'ombe. Nalala chumba kimoja na wasichana watatu, nanuka maziwa ya watu. Yeye ananiona bado nimekaa kwenye ua wa Kabanda. Nampenda, Shangazi, nampenda kuliko zamani, na yeye ananionea haya.

Mtoto wako,
Gaju


Nakivale
7 Aprili 2025

Mwanangu,

Nakusalimia kwa upendo wa Kristo. Dawa imefika, inachoma kama pilipili, nadhani ndiyo kazi yake. Tunaishi. Mvua imeanza na paa linavuja upande wa kitanda cha Uwera, tumesogeza kitanda.

Nimekwenda Rugaaga mwenyewe. Usishangae, hapa na pale si mbali, na Pasta Appolinaire alitupakia kwenye pikipiki yake, mimi na mtoto.

Nitakuambia kila kitu kama kilivyokuwa. Aliponiona alikimbia. Akanishika mikono yote miwili akainama mpaka chini, akaniita Mama Mukandoli wa kwa Kabanda, akauliza habari ya nyumba yetu neno kwa neno, kama walivyouliza zamani. Gaju, hapa Nakivale mimi ni nani? Ni mwanamke mzee kwenye mstari wa chakula, vijana wananisukuma. Nilikaa kwenye kigoda kile nikanywa maziwa yale, naye amesimama, na nilisikia raha. Nimerudi nyumbani nimeona aibu kwa raha ile. Nakuambia ili ujue.

Uwera alimwendea moja kwa moja akamvuta koti. Wana paji la uso moja, hata kipofu angeona. Pacifique akaniuliza, "Huyu ni wa nani?" Nikamjibu, "Ni wako." Akaangalia chini akasema, "Mama, musinichekelee. Mimi ni mutu wa kazi." Mtoto akamuuliza kwa nini koti lake linanuka ng'ombe. Hilo akalijibu vizuri, wakazungumza habari za ng'ombe muda mrefu, mpaka mvua ikatufukuza.

Sasa nisikilize. Nimefikiri sana. Wewe unamwonyesha picha na daktari, lakini huyu ni mtu wetu, si mtu wa picha. Ndoa isiyokuwa na ng'ombe, hata mwenye kichwa kizima angeisahau. Yeye anajua moyoni kwamba mchungaji hachukui binti wa mkubwa bure. Basi asikuchukue bure! Apate mtamba, alete mahari hapa nyumbani kwangu, mimi nipokee, kwa sababu mimi ndiye mwanaume aliyebaki katika nyumba hiyo. Watu waimbe, maziwa yanywewe. Akisha kutoa ng'ombe kwa mkono wake, atakuwa mkwe, na mkwe haoni haya.

Nimeuza mashini yangu ya kushona. Usipige kelele. Macho yenyewe hayaoni tena tundu la sindano. Wewe ongeza ulicho nacho, halafu uliza huyo Rwakabuba kama ana mtamba mzuri.

Na safari hii nitaimba.

Shangazi yako,
Sidonie Mukandoli


Nyamityobora
20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi wangu,

Amefufuka! Nakusalimia kwa furaha, na sijui lini nilikusalimia hivyo mara ya mwisho. Mashini yako ya kushona! Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Uliinunua kwa kupiga magoti kwa kila chama hapo kambini, na leo umeiuza kwa ajili ya mtu ambaye hukutaka hata kuimba arusi yake. Mungu akulipe, mimi sitaweza.

Rwakabuba anaye mtamba, mwekundu, shingo nzuri, miguu myeupe kama amevaa soksi. Atatuachia kwa wema. Ila ana shauri lake, akaniambia hivi: "Mimi natoa hii ng'ombe kwa mukono yangu. Nasema ni mushahara yake ya hapa. Halafu yeye mwenyewe iko na ng'ombe, analeta kwenu. Nyinyi mukitoa, si muzuri." Sikuelewa kwa nini si vizuri, na alikuwa na haraka ya kwenda mnadani. Unaonaje?

Mimi nitabaki Mbarara mpaka mniite. Bibi arusi hachungulii ng'ombe wake, hilo bado ninalikumbuka. Nimenunua na kitenge. Na viatu vyekundu.

Mtoto wako mwenye furaha,
Gaju


Nakivale
18 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Neema na amani. Sisi ni wazima, hata magoti leo yamekaa kimya. Viatu vimefika. Analala navyo.

Shauri la Rwakabuba nimelikataa. Ni mtu mwema lakini hilo halimhusu. Mkwe wa Kabanda apewe ng'ombe na mgeni, sisi tupo? Watu wangesema nyumba ya Kabanda imekufa kabisa. Hapana. Nimeishika kamba mimi mwenyewe.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na Pasta. Nilivaa mavazi yangu ya zamani, yale niliyokimbia nayo. Nikasimama mbele yake nikasema kwa sauti, wachungaji wote wa shamba wakisikia: "Byiringiro, mtamba huyu anatoka katika nyumba ya Kabanda. Mchukue." Gaju, ungemwona! Alipiga magoti akaipokea kamba kwa mikono miwili. Akasimama akaruka, akaisifu nyumba yetu kuanzia babu mpaka kwangu, akataja ng'ombe zetu moja moja. Wazee wa Kinyankole walipiga makofi. Nilidhani nimesimama kule mlimani, na Kabanda yuko nyuma yangu.

Alinishika mikono akasema, "Mama, kiangazi kikianza nitakuja kwenu Nakivale na ng'ombe hii. Nitakuja kuinama mbele yenu." Pasta alilia. Mimi sikulia, nilikuwa napanga nani atapika.

Anakuja nayo, mwanangu! Nimeshaazima viti vya kanisa. Wanakwaya wanajifunza wimbo. Watu wa kwa Muhirwa nimewaambia waziwazi, wasiulize tena, binti ana mwenyewe.

Nitaandika mara tu akifika, nawe uje.

Shangazi yako,
Mukandoli


Nyamityobora
15 Juni 2025

Shangazi,

Natumaini mu wazima wote. Mbona kimya? Kiangazi kimeingia, vumbi liko hata kwenye chai. Alida amepita hapa mara mbili bila barua, na mara ya pili alikuwa na haraka, hakunitazama usoni. Simu ya jirani nimepiga, anasema umelala. Saa nne asubuhi, wewe, umelala?

Pikapu ya Rugaaga inaletwa na mtu mwingine. Nimemuuliza, anasema Mukongo aliomba ruhusa ya kuondoka, akaaga wote vizuri. Nikasema, ndiyo, amekwenda kuoa. Akaniambia naye amesikia hivyo.

Nimeshona kitenge. Mama mwenye duka amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Niite basi. Kama mnanificha kwa ajili ya desturi, imetosha.

Gaju wako


Nakivale
29 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu. Uwera ni mzima. Habari ya magoti iache.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nitaandika tu.

Alikuja Jumanne ya kwanza ya mwezi huu, si siku tuliyopanga, asubuhi mapema, viti bado vimepangwa ukutani. Ameoga, amevaa shati safi, fimbo mkononi, mtamba nyuma yake anang'aa kwa kusuguliwa. Nilipiga vigelegele. Majirani wakatoka, mtu akakimbia kumwita Pasta. Nikanyoosha mkono kupokea kamba.

Hakunipa. Aliinama mbele yangu, kamba ameishika, akasema: "Mama, mumenilipa. Baba yangu alichunga kwenu mupaka akakufa, hakupata kitu. Mimi mumenilipa, hata vita imemaliza zenu zote. Nimekuja kuaga. Naenda kwa mama yangu, nijenge nyumba, nitafute bibi wa kuoa."

Gaju, unajua desturi yetu. Mchungaji akimaliza miaka yake, mkubwa anampa mtamba, na siku hiyo anakuwa huru, anakwenda kuanza kwake. Unaijua, mimi naijua, mtoto wa kuzaliwa jana kule mlimani anaijua. Nilimpa ng'ombe nimesimama, kwa jina la nyumba ya Kabanda, na yeye amepiga magoti. Ilikuwa na maana gani nyingine? Rwakabuba, mgeni, aliona. Mimi nilikuwa naangalia mavazi yangu.

Nilimwambia hapana, hiyo ni mahari, ni yako uilete kwetu. Akatabasamu kwa heshima, kama unavyomsikiliza mzee mwenye homa. Akasema, "Mutu hawezi kutoa mahari kwa mukubwa wake na ng'ombe ya mukubwa wake, Mama." Na ni kweli, hawezi. Pasta alifika akamwapia kwamba aliwabariki kwa mkono wake. Akasema, Pasta, mimi nasikia, lakini ndani yangu hakuna kitu. Nikamwambia kwa kelele, mama yako alikufa, tulimzika kule Itombwe, unakwenda kwa nani? Hapo uso wake ulibadilika. Akasema Mutoto wa Mukubwa amezungumza naye Jumapili nyingi, hakumwambia neno hilo. Akadhani nasema ili nimzuie, kama wakubwa wabaya wanavyowazuia wachungaji wao.

Uwera alikuwa amevaa viatu vyake. Akamshika mtamba mkia. Pacifique akamwondoa taratibu, akampangusa vumbi mikononi, akamwambia asikae nyuma ya ng'ombe, atapigwa teke.

Halafu akaomba nimbariki. Amesimama pale, anangoja. Ningefanya nini? Kumnyima mtu baraka ya njia, na njia yenyewe ni ile ya vita? Nilimwekea mkono juu ya kovu lake nikambariki. Akasema, "Mumwambie Mutoto wa Mukubwa nimemushukuru kwa dokta."

Wanakwaya walifika akiwa ameshapita barabara kuu. Viti nimerudisha. Sikulala ulipopiga simu, sikuwa na mdomo wa kukuambia.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Shangazi yako


Nyamityobora
9 Novemba 2025

Shangazi,

Nakusalimia. Najua umeandika mara nyingi na sikujibu. Barua zako zote zimefika, usimlaumu Alida. Pole kwa malaria ya Uwera, nashukuru amepona. Mimi nipo. Nafanya kazi.

Sikuwa nimekukasirikia wewe peke yako. Nilijikasirikia mimi. Ningemwambia habari ya mama yake siku ileile nilipomwambia ya Baba, angelia mara mbili na angebaki. Nilitaka kumhurumia, na huruma yangu ndiyo iliyomfungulia njia. Nilikwenda Ntungamo, njia ya mpakani, kumtafuta, nikafika mpaka Kabale. Kila nilipouliza, watu walikuwa wanamkumbuka mtamba.

Jana Rwakabuba alikuja dukani mwenyewe. Hakucheka. Alikaa kwenye kreti akaniambia kwamba wanunuzi wa ng'ombe wanaotoka upande wa Kisoro walimwona Pacifique mpakani, zamani, mwezi wa saba. Walimwambia asivuke, upande ule wanapiga risasi, na ng'ombe hatafika hata mlima wa kwanza. Walitaka kumnunua mtamba kwa bei nzuri. Akakataa. Akawaambia mama yake anamngoja. Baada ya pale, hakuna aliyemwona, yeye wala mtamba.

Wanasema walikaa naye wakala naye, na jioni yote alikuwa akiisifu nyumba ya Kabanda. Kwamba ni watu wa haki. Kwamba walipoteza kila kitu katika vita lakini hawakusahau mtu wao wa kazi. Kwamba binti wa nyumba hiyo, mtu wa cheo, alikuja kumwona shambani na kuketi kwenye kigoda chake, bila dharau. Walimuuliza kama ana bibi. Akasema hapana, atatafuta msichana wa watu kama yeye.

Basi jina letu ni zuri, Shangazi. Ulitaka liwe zuri, nami pia nilitaka, nisikudanganye. Sasa linasifiwa mpaka mpakani.

Kitenge nimempa Alida auze. Hizo ni pesa za paa, upande wa kitanda cha mtoto. Uwera akiuliza yule mtu wa koti la ng'ombe anarudi lini, usimwambie chochote mpaka mimi nije, Krismasi nitapewa siku mbili. Nitamwambia mwenyewe, yote, kwa siku moja. Sitaacha neno jingine la kesho.

Unasema watu wa kwa Muhirwa wamerudi, na kwamba hawajali yaliyopita. Washukuru kwa wema wao. Waambie mimi nina mume, Pasta Appolinaire alitubariki. Wakiuliza yuko wapi, waambie amekwenda kwao kutafuta mke.

Mtoto wako,
Gaju